Asilimia Inayopotea Njiani

Kila mwisho wa Agosti, kusi ikiwa bado inavuma pwani na mashamba ya kaskazini mwa Tanzania yakiwa yamekauka, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa iitwayo mwelekeo wa mvua za Vuli. Utabiri ni wa kesho na keshokutwa. Wa miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba, huitwa mwelekeo, na aliyelichagua neno hilo alijua analofanya, kwani kuelekea ni kuelemea upande, kama mzani ambao bado unayumba. Dai langu ni jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza: taarifa ya Vuli humfaa mtu kwa kadiri shaka iliyomo ndani yake inavyomfikia ikiwa nzima. Inapoanza safari huwa na asilimia tatu. Ikifika redioni imebaki na neno moja. Ikifika sokoni imeshakuwa ahadi, na mvua ikienda kinyume, wa kulaumiwa ni mtaalamu ambaye hakuahidi kitu.

Dai hilo lina wapinzani, na wanne kati yao nimewapa viti hapa. Si watu ninaowajua kwa majina. Ni sauti zinazosikika kila msimu unapokaribia: mama mkulima wa tambarare ya Same, mtangazaji wa redio ya jamii, mzee wa Pemba anayehesabu miongo, na afisa ugani. Kabla hawajaanza, neno moja kuhusu Vuli yenyewe. Wafasiri wetu huliazima jina hili kwa majira ya Ulaya ambamo majani hupukutika na baridi hupiga hodi, na hivyo msomaji akisikia habari ya Vuli yenye mvua na ubaridi huanza kutafuta sweta. Yetu ni nyingine. Jua huvuka ikweta kuja kusini yapata tarehe 23 Septemba, na kufikia katikati ya Oktoba linakuwa limeshapita juu kabisa ya Dar es Salaam. Joto hupanda, kusi hulegea, na ukanda wa mvua hulifuata jua nyuma. Ubaridi wa Vuli ni wa alasiri: wingu likitanda, mchana hupoa. Usiku wingu hilohilo huzuia joto la ardhi lisipande angani, na aliyejiandaa na blanketi hujikuta anajipepea kwa daftari.

— Mwandishi, mwanangu, anaanza mama wa Same, mimi sitaki hesabu. Nina ekari tatu na pesa ya kununulia mbegu mara moja tu. Niambie itanyesha au hainyeshi.

Mama, hilo ndilo swali la haki kuliko yote, na ndilo lisilo na jibu. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba hesabu unayoikataa ndiyo hasa inayochagua mbegu. Wataalamu wa kanda hii hukutana kabla ya msimu kupitia ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD chenye makao Kenya, kinachohudumia nchi 11, Tanzania, Rwanda na Burundi zikiwamo ingawa si wanachama wa IGAD. Mikutano hiyo ilianza Februari 1998. Huchukua Vuli thelathini zilizopita na kuzipanga kutoka kavu kabisa hadi yenye mvua nyingi kabisa, kisha huzikata mafungu matatu ya kumi kumi: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Mtu asiyejua lolote kuhusu mwaka ujao angelipa kila fungu nafasi ya theluthi moja. Mwelekeo ni kuzihamisha nafasi hizo kwa ushahidi wa bahari, mathalani chini ya wastani ipate 50, wastani 30, juu ya wastani 20. Hiyo 20 haikufutwa. Vuli moja kati ya tano za namna hiyo itakunyeshea kupita kiasi, na taarifa haitakuwa imekosea.

Tufanye sasa hesabu ya ubaoni, kwa tarakimu za kubuni ila za kawaida. Mahindi ya muda mrefu yatoe gunia 10 kwa ekari Vuli ikiwa ya wastani au zaidi, na gunia 1 ikiwa chini ya wastani. Mbegu inayowahi kukomaa, kama Katumani iliyotokana na utafiti wa Machakos, itoe 8 na 4. Katika Vuli thelathini za kawaida, kumi zikiwa kavu, mbegu ndefu itakupa gunia 210 na fupi 200. Anayepanda ndefu ana akili. Sasa mwelekeo useme ukavu una asilimia 50. Katika Vuli kumi za namna hiyo ndefu itakupa 55 na fupi 60. Na ukisema 40? Gunia 64 kwa 64, sare. Lakini redioni asilimia 40 na asilimia 50 zote husomwa kwa maneno yaleyale: “mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani.” Neno ni moja, uamuzi ni miwili, na kilichoutenganisha kimebaki mezani kwa mhariri. Hapo sijaongeza kwamba magunia hayalingani uzito nyumbani: la kumi huuzwa, la nne huliwa, na anayetoka na moja huanza kuuza mbuzi mwezi wa Februari.

— Kwa hiyo nikikufuata, miaka mitano kati ya kumi jirani aliyepanda ndefu atavuna kunizidi, na atanicheka?

Atakucheka, mama, na hapo pana kasoro halisi ya hoja yangu ambayo sitaifunika. Faida ya kufuata asilimia huonekana katika misimu mingi, na hasara yake huonekana msimu huuhuu, kwa macho, ng'ambo ya mpaka wa shamba. Mwenye benki huvumilia misimu kumi; mwenye debe mbili za akiba havumilii. Ndiyo maana namshauri mkulima mdogo kuigawa ardhi kwa kadiri ya nafasi badala ya kuiweka yote upande mmoja, ingawa kwa hesabu tupu ya magunia mgawanyo haumpi mavuno ya juu kabisa. Lakini angalia: hata kugawa kunahitaji kujua ni 40 au 50. Anayepewa neno tupu hana cha kugawia.

Mtangazaji amekuwa akitazama saa.

— Ndugu yangu, hayo ni ya darasani. Mimi nina sekunde arobaini kati ya vifo na mpira. Nikisema asilimia, wanahamia stesheni nyingine. Nikisema El Niño, wanaongeza sauti.

Wanaongeza sauti, kweli, na ndiyo maana jina hilo limetudhuru. Kilichokaza neno El Niño vinywani mwetu ni mvua za 1997, zilizoendelea hadi mapema 1998, zikavunja barabara na madaraja Kenya na Tanzania. Tangu hapo kila anayeuliza habari za Vuli huuliza kama El Niño inakuja, kana kwamba ni basi. Lakini mwaka 1997 walikuwa wawili. Mwenzake ni hali ya Bahari ya Hindi ambayo watafiti wa Japani na wenzao waliielezea rasmi mwaka 1999, Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa kawaida miezi hii upepo wa ikweta husukuma maji yenye joto kuelekea Indonesia. Upepo huo ukilegea au ukigeuka, maji ya joto hubaki upande wetu, ya baridi huibuka karibu na Sumatra, na hewa yenye unyevu hupanda juu ya Afrika Mashariki badala ya kupanda kule. Hiyo ni dipoli chanya, na kwa mvua za Vuli ushahidi wake ni mzito kuliko wa Pasifiki peke yake.

Tazama miaka miwili ya baadaye. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa kupimwa, serikali zikajiandaa, magazeti yakaandika habari za gharika. Lakini dipoli haikuwa na nguvu kama ya 1997, na mvua, ingawa sehemu nyingi zilizidi wastani, hazikufikia kilichohofiwa. Watu wakasema tulitishwa bure. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, hapakuwa na El Niño ya kutangaza, na dipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi katika kumbukumbu. Mafuriko yakaenea kutoka Somalia hadi Tanzania, udongo ukaporomoka West Pokot mwezi Novemba na kuua makumi ya watu, na nzige wa jangwani wakazaliana katika unyevu huo. Aliyesubiri jina hakulisikia. Maji yalikuja bila jina.

Mfano wa 2023 unauma zaidi. Mwelekeo uliotolewa Kenya kabla ya msimu ulikuwa wa mvua juu ya wastani katika sehemu kubwa ya nchi. Oktoba ilipofika, Rais William Ruto akawatangazia wananchi kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuja. Mjadala wa taifa ukawa kama jina lipo au halipo, wakati swali la mwenye nyumba bondeni lilikuwa nafasi ya maji kufika mlangoni, na nafasi hiyo haikuwa imeshuka hadi sifuri. Kufikia Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo. Sidai kwamba asilimia iliyosomwa vizuri redioni ingewaokoa wote. Nadai kwamba ndiyo au hapana ilikuwa njia mbaya kuliko zote ya kuisoma taarifa ile, na kwamba sekunde arobaini zinatosha kabisa kusema: katika Vuli kumi kama hii, tano zinatarajiwa kuwa na mvua nyingi, tatu za kawaida, mbili chache. Hesabu za vidole hazimhamishi mtu stesheni. Mcheza bao anazo, mvuvi anazo, na mama anayetoa mkopo wa vikoba anazijua kuliko sisi sote.

— Mwanangu weye, anasema mzee wa Pemba, hizo Sumatra zenu za juzi. Sisi tulihesabu miongo tangu kale. Siku kumi kumi, miongo thelathini na sita, na siku tano za kumalizia, mwaka umetimia. Nikikwambia mwongo fulani wa Vuli umeingia, umeingia.

Shikamoo mzee wangu. Hesabu hiyo naiheshimu, na wataalamu wenyewe, ukiangalia, huanzia palepale unapoanzia. Kalenda ya miongo inasema Vuli kwa kawaida huja lini. Ni wastani wa vizazi uliohifadhiwa vichwani badala ya daftarini. Isichoweza kusema ni mwaka huu utaachana na kawaida kwa kiasi gani, kwa sababu dipoli haina mwongo wake. Vuli ya 1961 ni shahidi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo katikati ya mvua ambazo hakuna kalenda iliyozitaja, Kenya wakaziita mvua za Uhuru, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Rekodi hiyo ya 1964 haikufikiwa tena mpaka Mei 2020, baada ya dipoli niliyoitaja. Mwongo uliingia siku yake mwaka 1961, na mwaka 2019 pia. Kiasi ndicho kilichotoka nje ya hesabu.

Wala sikwambii uache. Huko Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi husoma msimu kwa kuchanua na kupukutika kwa miti ya misitu yao mitakatifu na kwa mienendo ya ndege na wadudu. Idara ya hali ya hewa ya Kenya na ICPAC zilikaa nao, kila upande ukaleta usomaji wake, wakatoa taarifa moja inayotangazwa kwa lugha ya hapo. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba pande mbili zikitofautiana, kutofautiana kwenyewe ni habari: kunamwambia mkulima kwamba mwaka huu mambo hayajakaa wazi. Hiyo ni asilimia bila tarakimu. Kama wazee wa Nganyi wanaweza kuibeba shaka mbele ya kijiji na heshima yao isishuke, sioni kwa nini mtu wa redio aione ni aibu.

Afisa ugani alikuwa amenyamaza, na alipofungua mdomo alileta pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote.

— Mnagombania asilimia za kitu kisichomsaidia mkulima. Hata ukiipatia, ni jumla ya miezi mitatu. Mahindi hayanywi jumla.

Hayanywi. Vuli inaweza kutimiza wastani wake kwa mvua sita kubwa, tatu za Oktoba na tatu za Desemba, na katikati pakawa na wiki nne kavu wakati mahindi yanatoa mbelewele. Takwimu zitaandika wastani, ghala litaandika njaa. TMA wanalijua hilo, ndiyo maana taarifa zao hutaja pia mtawanyiko, vipindi vikavu, kuanza na kuisha kwa mvua, na siku hizi hushuka hadi ngazi ya wilaya. Kuna na lingine ambalo wasomaji wengi hawalioni: neno wastani lina vipimo viwili. Kwa mafungu ya ICPAC, wastani ni zile Vuli kumi za katikati. Katika taarifa za TMA ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Kwa hiyo kuna asilimia ya kiasi na asilimia ya nafasi, na nani atamlaumu mtangazaji asiyejua ipi ni ipi? Hapa lawama naihamishia kwa wanaoandika taarifa. Asilimia hizo mbili zingetenganishwa tangu Agosti, nusu ya ugomvi huu usingekuwapo.

Lakini afisa anapohitimisha kwamba kwa hiyo mwelekeo hauna kazi, simfuati. Kila taarifa ina umri wake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikazika makazi ya Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Hakuna mwelekeo wa Agosti uwezao kutaja mlima huo na tarehe hiyo, na anayeudai hivyo anaudai kazi ya mwingine. Kazi hiyo ni ya tahadhari za siku chache: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mwelekeo wa msimu una kazi tatu au nne za polepole, kama kuchagua mbegu, kuzibua mitaro ya mji kabla ya Oktoba, kuamua kama mifugo ipunguzwe ikiwa bado na nyama, na kupanga dawa za kipindupindu ziwe upande gani wa daraja. Tena bahati imetupendelea: kati ya misimu yetu miwili, Vuli ndiyo inayosomeka mapema zaidi, kwa sababu imefungwa na bahari kwa kamba nene. Masika, yenye mvua nyingi zaidi kwa wengi wetu, husomeka kwa taabu. Ukambani, ambako Vuli ndiyo tegemeo la chakula, kuidharau taarifa inayosomeka ni kutupa kitu cha thamani.

— Sawa, anarudi mama, nimezielewa zote hizo. Mwenye pesa atazibua mtaro, atanunua mbegu mbili. Asiye nazo atajua tu kwamba anakufa, tena kwa asilimia.

Mbele ya kauli hiyo sina jibu safi. Vuli ya 2010, ambayo Wasomali huiita deyr, ilikauka kama bahari ilivyokuwa imeonyesha. Tahadhari zilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka huohuo. Njaa kali ikatangazwa rasmi Somalia Julai 2011. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalihesabu vifo 258,000 hivi, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Habari ilikuwapo, vita vilifunga njia, na wenye fedha walisubiri picha za watoto waliokonda, kwa sababu asilimia haipigiki picha. Yaani waliodai uhakika kabla ya kutenda hawakuwa wakulima. Walikuwa wafadhili na mawaziri, na uhakika walioupata uliwafikia ukiwa makaburini.

Ndipo naona dai langu linawahusu wao kuliko linavyomhusu mama wa Same. Novemba 2015 Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda kilijaribu njia nyingine huko Kapelebyong, kaskazini mashariki mwa nchi. Walikubaliana mapema: utabiri wa mto kwenye kompyuta ukifikia kiwango fulani cha nafasi ya mafuriko, fedha zinatoka bila kikao. Kiwango kikafikiwa. Madumu, vidonge vya kusafishia maji na mifuko ya kuhifadhia chakula vikagawiwa kabla ya maji kuthibitika. Walijua kwamba mara nyingine watagawa na mafuriko yasije, na hasara hiyo waliiandika kwenye bajeti tangu mwanzo, kama anayelipia bima anavyojua kwamba mwaka ukipita salama hela haitarudi. Mpango wa namna hiyo hauwezi kuandikwa kwa neno “huenda”. Lazima pawe na tarakimu, kisha pawe na mtu aliyekwisha kusema, akiwa na saini mkononi, kwamba ikifika hapo nitalipa.

Mtangazaji amegeuza karatasi yake na kuandika nyuma. Anasoma kwa majaribio, akijipima kwa saa ya simu:

— “Katika Vuli kumi kama ijayo, tano zinatarajiwa kuwa na mvua chache, tatu za kawaida, mbili nyingi. Angalia taarifa ya siku kumi kabla ya kupanda.” Sekunde kumi na mbili.

— Hilo la siku kumi ndio mwongo, anasema mzee.

Mama anahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ekari mbili mbegu fupi, moja ndefu kule kwenye bonde linaloshika maji; na kama zile mbili nyingi zitakuja, basi ni hilo bonde litakalozama.

— Afisa, hiyo mbegu fupi madukani ipo?

— Mwaka jana ilikuja Novemba, mama, watu wakiwa wamekwisha kupanda. Nitauliza Jumatatu.